Jua, rangi na shuka la mtumba: majibu kwa wasomaji

Shikamoo mama. Nilinunua shuka jeupe pale soko la mitumba la Memorial, nikalipaka rangi ya vitambaa, nikatandaza majani ya mgomba juu yake ili yaache umbo lake, kisha nikalianika juani. Lilipokauka halikuwa na alama hata moja. (Msomaji, Moshi)

Marahaba mwanangu. Kinachochora hapa ni ukaukaji. Sehemu iliyo wazi hukauka kwanza, na inapokauka huvuta maji yaliyo chini ya jani. Maji hayo huondoka na rangi, ndipo panapobaki pamepauka kwa umbo la jani. Basi shuka liwe limelowa chapachapa, rangi uizimue kwa maji mara mbili yake, na jani lilale limebana. La mgomba lina uti mnene, hunyanyuka. Chukua la mpapai, lina mikato mizuri mno, uligandamize kwa kokoto. Fanya haraka kabla rangi haijaanza kukauka. Na mwezi huu wa Julai, mawingu yakitanda Moshi, utachoka bure. Ngoja jua kali.

Likikauka kabisa, lipige pasi ya moto upande wa nyuma, ndipo rangi ishike.

Mitumba mingi lebo zimekatwa. Nitaijuaje pamba?

Chomoa uzi mmoja, uchome juu ya sahani. Pamba huwaka na kuacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua. Poliesta huyeyuka, ikaacha kidonge kigumu. Nakusihi usiruke hatua hii, maana rangi nyingi za asili hazishiki poliesta. Kisha fua kwa maji ya moto na sabuni.

Stensili zangu za boksi, yaani vipande vilivyokatwa maumbo ya kupitishia rangi, zinalowana na kuchanika. (Dada wa Kilombero, Arusha)

Boksi liache, dada. Tumia filamu ya eksirei isiyohitajika tena, au jalada la plastiki la faili, ukate kwa wembe mpya. Ukikata ua au herufi O, acha vishikizo vyembamba, la sivyo kipande cha katikati kitadondoka. Sponji iwe karibu kavu, na ugonge tu; ukiburuta, rangi hupenya chini ya kingo.

Nilitia kitambaa rangi kwa bizari ya manjano, ikapauka.

Manjano hayahimili jua, na sabuni huyageuza mekundu. Loweka kitambaa cha pamba kwenye maji ya shabu (jiwe jeupe linalosaidia rangi kushika) kwanza, kisha kichemshe na maganda ya vitunguu maji. Utapata rangi ya dhahabu inayodumu zaidi.