Difu ya drifti: nichomelee, niweke helikali au LSD ya klachi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Nissan Silvia S14 yenye injini ya SR20DET, boosti (shinikizo la turbo) imeongezwa kidogo tu. Najifunza drifti, yaani kuendesha gari likiteleza kwa makusudi, kwenye viwanja vilivyofungwa, na siku za kawaida gari hilohilo ndilo linanipeleka kazini. Difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, ni ile ya kiwandani, ya silikoni. Siku hizi nikikanyaga kwenye kona, tairi moja tu ndilo linalotoa moshi. Rafiki yangu ananiambia niichomelee, mwingine anasema helikali (inayobana kwa gia za mshazari), na dukani wamenipa chaguo la LSD (difu inayozuia gurudumu moja lisiteleze peke yake) ya klachi ya njia moja na nusu au ya njia mbili. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu yangu, chukua LSD ya klachi ya njia mbili, na mwambie fundi aifunge ikiwa na mkazo wa awali wa wastani. Sababu zake ni vizuri uzijue, kwa kuwa difu ya aina hii hupangwa kwa mkono, na anayeifunga atakuuliza maswali.

Kabla ya kununua, pima hiyo uliyo nayo. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka gia huru, achia breki ya mkono, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likifuata upande uleule, bado kuna kinachoyafunga pamoja. Likizunguka kinyume bila kukaza, silikoni imechoka na unaendesha difu ya kawaida. Kwa dalili ulizotaja, nategemea utakuta hali ya pili. Hata ingekuwa mpya, nisingekushauri ubaki nayo. Sahani za difu ya silikoni hazigusani, zinazunguka ndani ya majimaji mazito, na ukinzani unakuja baada ya gurudumu moja kuwa limeshatangulia lenzake. Ukipiga klachi, yaani kukanyaga pedali yake na kuiachia ghafla, ili kuvunja mshiko unataka magurudumu yote mawili yateleze papo hapo. Kuchelewa kidogo tu kunatosha kuharibu mwingilio wa kona. Tena ikipata moto wa mizunguko mfululizo, tabia yake inabadilika ukiwa bado uwanjani.

Helikali ni difu nzuri sana, na Nissan wenyewe waliiweka kwenye Silvia S15 Spec R. Haina sahani za kuisha, haipigi kelele, na barabarani hutajua kama ipo. Shida yake ni namna inavyofanya kazi: inachukua nguvu ambayo gurudumu lenye mshiko mdogo linaweza kuhimili, inaizidisha mara kadhaa, na kumpa mwenzake. Gurudumu la ndani likinyanyuka au likipanda ukingo wa uwanja, mshiko wake unakaribia sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri. Wapo wanaoiendesha vizuri kwenye drifti. Kwa anayejifunza inasumbua, kwa sababu gari linajibu tofauti kwenye kona ileile, na wewe unabaki hujui kama kosa ni lako au la difu.

Kuhusu kuchomelea nitasema wazi: kwa gari linalopelekwa uwanjani kwa trela, ni njia halali na wengi wameanzia hapo. Magurudumu yanafungwa moja kwa moja na tabia haibadiliki kamwe. Kwa gari la kwenda kazini, usifanye. Kila ukikata kona ya taratibu kwenye lami, gurudumu la nje linatakiwa kwenda mbali zaidi kuliko la ndani. Likizuiwa, tairi linakwaruza na ekseli zinabeba msokoto wote. Barabara ikiwa na maji, gari linaweza kukuponyoka kwenye mzunguko wa kawaida kabisa. Halafu gia za ndani ya difu ni chuma kilichokazwa kwa moto. Uchomeleaji usio na maandalizi unaleta nyufa, na kipande kikimeguka kinapita katikati ya krauni na pinioni, gia kubwa na ndogo zinazoizungusha difu.

Sasa tuje kwenye klachi. Ndani yake kuna pini ya msalaba inayobeba gia ndogo, nayo imekaa katikati ya pete mbili zenye mikato ya mshazari. Injini ikisukuma, pini inapanda kwenye mshazari, pete zinatanuka na kubana sahani. Kadiri unavyokanyaga, ndivyo zinavyozidi kubana. Ukiachia mafuta, magurudumu ndiyo yanayoivuta injini, na pini inaegemea upande wa pili wa mkato. Upande huo ndio unaotofautisha bidhaa ulizoonyeshwa. Kwenye njia moja uko karibu bapa, kwa hiyo ukiachia mafuta difu inafunguka. Kwenye njia moja na nusu una mshazari dhaifu, unabana kiasi. Kwenye njia mbili mshazari ni sawa pande zote.

Kwenye drifti mguu hautulii. Unaachia mafuta ili mkia utoke, unakanyaga kuushikilia, unaachia tena kubadili upande. Difu ya njia moja na nusu inabana kwa nguvu moja ukiwa unakanyaga na kwa nguvu nyingine ukiachia, na mkia unaisikia tofauti hiyo hasa pale gari linapohama kutoka kushoto kwenda kulia. Ya njia mbili inakupa nyuma ileile wakati wote. Gharama yake ni kwamba ukiingia kwenye kona bila kulitelezesha gari, pua inakataa kugeuka na linakwenda mbele. Kwenye maegesho utasikia mkwaruzo na kugonga kidogo ukikata usukani wote. Huo ni utendaji wa kawaida, usiogope. Kama ungeniambia unataka kushindania muda wa mzunguko, ningekuelekeza kwenye njia moja na nusu bila kusita.

Ukilinganisha pembe za mshazari, uliza kwanza zimepimwa kutoka wapi. Kwa watengenezaji wengi digrii 45 inabana sana na digrii karibu na 90 haibani kitu, lakini wapo wanaopima kinyume, na namba peke yake itakupotosha.

Mkazo wa awali ni nguvu ya springi inayobana sahani hata kabla injini haijasukuma. Ukiwa mkubwa mno, difu inakaribia ile ya kuchomelewa na utaichukia barabarani. Ukiwa mdogo mno, kunakuwa na pengo kati ya kuachia na kukanyaga. Mpangilio wa sahani nao una nafasi yake: sahani za aina moja zikiwekwa pamoja badala ya kupishana, nyuso zinazosuguana zinapungua na ubanaji unashuka. Kwa nguvu za SR20DET yako, sahani zote kupishana si lazima. Anza na mpangilio laini, uongeze baadaye ukiona gurudumu la ndani linatangulia.

Kabla ya kulipa, hesabu meno ya ekseli, linganisha boliti za flenji na za krauni, na uangalie pete ya sensa ya ABS kama gari lako linayo. Wakati wa kufunga, uchezaji (nafasi kati ya meno) wa krauni na pinioni lazima upimwe kwa saa ya kupimia, sio kwa kutikisa na kusikiliza.

Tumia mafuta anayotaja mtengenezaji wa LSD. Mara nyingi ni ya GL-5 (daraja la mafuta ya difu) yenye unene wa 75W-140 au 80W-140. Ikishafungwa, tafuta sehemu pana, uzungushe gari polepole kwa umbo la namba nane, kushoto na kulia, bila kutelezesha. Lipe muda wa kupoa, rudia, kisha mwaga mafuta yote hata kama yanaonekana mapya. Utakuta unga wa chuma kwenye sumaku ya nati ya kumwagia, na huo ni wa sahani zinazozoeana. Vipande vyenye ncha ni habari nyingine: vikionekana, usiwashe gari, fungua difu.

Baada ya hapo nunua spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kuzungusha, kama huna. Acha gurudumu moja chini likiwa limezuiwa, inua la pili, gia huru, breki ya mkono imeachwa, upime nguvu inayohitajika kulianzisha lizunguke. Andika namba hiyo. Ukiipima tena kila baada ya siku kadhaa za uwanjani, utaona sahani zinavyoisha kabla tairi moja halijaanza tena kutoa moshi peke yake.