Hela za kisima cha shule Nachingwea

Ndugu, umeuliza klabu yenu ya Rotary hapo Lindi itapataje hela Rotary Foundation, ule mfuko wa Rotary unaofadhili miradi, za kuchimba kisima cha shule Nachingwea. Inawezekana, ila ile ruzuku yao kubwa inataka mradi usiopungua dola 30,000 na lazima muwe na klabu ya nchi nyingine mnayoshirikiana nayo, sasa kisima kimoja cha pampu ya mkono hakifiki huko, ombeni ile ndogo inayopitia distrikti yenu ya Rotary, yaani lile kundi la klabu za eneo lenu, si wilaya ya serikali. Halafu kabla hamjaandika chochote nendeni mkakae na kinamama wanaochota maji muwasikilize, maana pampu ikifa nani anamlipa fundi? Hapo ndo naumia sana, kisima kinalala kisa spea tu. RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, nao washirikisheni mapema, msisubiri mpaka mashine ya kuchimbia ifike.