Jua likishika, usichume usichoweza kukianika

Mwaka masika yanapokatika mapema na jua likashika, sisi wenye mikarafuu huku Mtambwe, Pemba, hatulali. Watu hudhani jua ni neema tupu kwa karafuu. Kwenye jamvi, ndiyo. Mtini ni habari nyengine.

Mkarafuu hutaka ukavu kidogo ili utoe maua. Mvua zikifululiza, mti hushughulika na majani. Lakini vichwa, yaani maua ambayo hayajafunguka, vikishatoka na joto likazidi, huiva kwa mpigo. Leo ni kijani, siku chache tu vinaanza wekundu, na ukichelewa vinafunguka. Hapo huna karafuu tena, unangojea mpeta, yaani tunda la mkarafuu.

Msimu mmoja shamba langu liliiva karibu lote ndani ya wiki. Nikaingia hofu, nikaita wachumaji wengi. Siku ya kwanza zilishuka pishi (kipimo chetu cha karafuu) nyingi mno, kuchambua, yaani kuzitoa karafuu kwenye makonyo (vijiti vya vishada), kukatushinda, na usiku ukatukuta nusu ya karafuu bado zimo maguniani pamoja na makonyo yake. Alfajiri nilitia mkono katikati ya gunia: moto, na harufu ya kuchachuka. Tulizianika jua kali siku nne. Zilikauka, lakini zilikuwa nyeupenyeupe, zimesinyaa, na kwenye kituo cha kununulia karafuu zikashushwa daraja. Niliumia sana, maana mtini zilikuwa nzuri.

Tangu hapo nahesabu wachambuaji na majamvi kwanza, ndipo naita wachumaji. Mti mmoja naurudia mara mbili au tatu, kwa sababu vishada haviivi pamoja. Na nakaa chini ya mti mwenyewe: joto linapoleta haraka ndipo matawi yanapovunjwa, na tawi la mkarafuu likikatika umepoteza na mavuno ya mbele.

Usiku ukikuwahi, usirundike. Zimwage sakafuni, zitandaze nyembamba hata kama hazijachambuliwa, zipate hewa mpaka asubuhi. Kisha anika juu ya jamvi, si kwenye lami, na uzigeuzegeuze. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, kwa hiyo usishtuke zikipungua. Chukua moja uivunje kwa vidole: ikipinda, bado, ikikatika kwa mlio, tayari.

Vuli ikianza kunyemelea, mtu mmoja asitoke uwanjani hata kwa dakika. Na jioni, mbingu ziwe safi namna gani, anua kabla ya umande.