Kwa mnaoanza kuongoza midahalo ya nyuklia Tanga: anzeni na uniti ya LUKU

Kabla hujatamka neno nyuklia mbele ya watu wa Ngamiani, andika ubaoni uniti moja ya LUKU. Kila aliyekaa pale anaijua, maana anainunua. Ni wati 1,000 kwa saa moja: birika la umeme la wati 2,000 huimaliza kwa nusu saa, taa ya wati 10 huila kwa saa 100. Ukianzia hapo, megawati haitamtisha mtu. Megawati, yaani wati milioni moja, ni ukubwa wa mtambo; uniti ni kile mtambo ulichotoa. Wanaochanganya haya mawili hubishana hadi magharibi wasielewane.

Kisha pigeni hesabu pamoja. Mwaka una saa 8,760. Kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 kikifanya kazi asilimia 90 ya mwaka kinatoa uniti bilioni 7.9. Paneli za jua za megawati hizo hizo, zikifikia asilimia 20, zinatoa bilioni 1.75. Hapo mtetezi wa nyuklia atafurahi, lakini usimwachie. Mwulize kinu kitawaka lini. Olkiluoto 3 ya Finland ilianza kujengwa 2005 ikitarajiwa kuwaka 2009, na uzalishaji wa kawaida ukaanza Aprili 2023. Paneli hufungwa kwa miezi. Mpinzani naye usimwachie: jua likizama ndipo nyumba zinawasha taa, kwa hiyo bei ya jua iandikwe pamoja na ya betri.

Jambo linalosahaulika zaidi ni gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa. Kanuni ya mafundi ni kwamba mashine moja isizidi takriban asilimia 10 ya gridi, kwa sababu ikizimika ghafla, mapigo ya umeme yanashuka chini ya hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na mitambo mingine inajikata kujilinda, mji baada ya mji. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini zimegawanywa kwenye mashine tisa za 235. Kinu kimoja cha 1,000 ni karibu nusu ya bwawa lile kuning'inia kwenye swichi moja. Ndiyo maana kwa nchi kama yetu vinatajwa vinu vidogo, vya hadi megawati 300. Mtu akikutajia kinu kikubwa bila kutaja gridi, mrudishe hapo kwa adabu.

Sahare pangeni mdahalo wakati wa mbalamwezi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako baharini na taa zao, mchana wamelala. Na swali lao mlijue mapema: "Maji ya kinu yataua samaki?" Wamesikia habari za Uyombo kule Kilifi, Kenya, ambako mwaka 2024 wananchi waliandamana kupinga mpango wa kinu. Usiwajibu kwa "hakuna tatizo". Chora maji matatu. Katika aina ya kinu iliyoenea zaidi, ya kwanza yanapita kwenye kinu, ya pili yanageuka mvuke wa kuzungusha mashine, ya tatu ni ya bahari, yanapita kwenye mabomba yake kuupoza mvuke, na hayagusani na yale mengine. Hofu kubwa hapa ni joto. Theluthi moja tu ya joto la kinu huwa umeme, theluthi mbili huenda na maji. Matumbawe hupauka bahari ikizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa digrii moja tu kwa wiki kadhaa. Bomba la kutolea maji litafika wapi, na mkondo unaelekea wapi? Hayo ndiyo ya kudai kwa maandishi.

Wazee watauliza kuhusu ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani. Waeleze hivi: tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilipotokea, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe. Lakini kinu kilichozimwa bado kina joto, mwanzoni karibu asilimia 6 ya joto lote kinalotoa kikiwa kazini. Kwa kinu kikubwa hiyo ni kama megawati 200 za joto zinazotaka maji muda wote. Tsunami ikafurikisha jenereta za dizeli, pampu zikasimama, mafuta ya nyuklia yakayeyuka. Kwa hiyo swali la kumuuliza mjenzi yeyote ni hili: umeme ukikatika na jenereta zikikataa, maji yatafikaje kwenye kinu, na kwa siku ngapi?