Waraka wa tovuti hufikika tangu unapoandikwa: ushauri kwa wanaoanza

Kwa ninyi mnaoanza kazi ya kuweka nyaraka kwenye tovuti za halmashauri, vyuo na vyama vya ushirika huku Nyanda za Juu Kusini, nianze na siku iliyonifundisha kazi hii. Tulikuwa Mbeya, na tulikuwa tumepakia mwongozo wa kilimo cha viazi mviringo ulioskaniwa vizuri, wenye mhuri na sahihi. Mwalimu mmoja asiyeona, wa upande wa Mafinga, alitupigia simu akauliza kwa upole kama waraka ule ulikuwa na maandishi yoyote, maana kompyuta yake ilimtajia kurasa tupu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulichopakia kilikuwa picha za karatasi, na ndani yake hapakuwa na neno hata moja ambalo kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti asiyeona, kingeweza kulitamka.

Tangu siku hiyo nimeshika kwamba ufikivu wa waraka, yaani kuweza kusomwa na kila mtu hata asiyeona, hujengwa ndani ya faili la asili, wakati wa kuandika. LibreOffice, ambayo ni programu huria isiyodai leseni ya kununua, inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Kichwa cha sehemu kisiwe maneno yaliyokolezwa na kukuzwa tu. Kipewe mtindo wa kichwa wa ngazi ya kwanza au ya pili, kwa kuwa mitindo hiyo ndiyo inayogeuka kuwa alama ndani ya PDF, na kwa alama hizo msomaji asiyeona huruka kutoka sehemu hadi sehemu, kama wewe unavyopitisha macho kutafuta unachokitaka. Picha nayo ipewe maelezo mbadala yenye maana, yaani maneno yanayosomwa badala ya picha: "jani la kiazi lenye madoa ya kahawia ukingoni" humsaidia mkulima, ilhali "picha ya 3" haimsaidii.

Lugha ya waraka husahauliwa na wengi. Faili likibaki limeandikishwa kuwa la Kiingereza, kisoma skrini kinachobadili sauti kwa kufuata lugha ya waraka kitayatamka maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na "mbolea ya kupandia" itatoka kama maneno yasiyo na lugha. Chagueni Kiswahili kabla ya kuandika aya ya kwanza.

Unapofika wakati wa kutoa PDF, tumieni amri ya kuhamisha (Export), si ya kuchapisha (Print), kwa sababu kuchapisha kwenda PDF kwa kawaida hubakiza sura ya ukurasa na kuzipoteza alama zote. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020, LibreOffice ina chaguo la PDF/UA, kiwango cha kimataifa cha PDF zinazofikika kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2012, pamoja na ukaguzi unaoonyesha makosa ya ufikivu. Hata hivyo, tangazo fupi la ukurasa mmoja mimi huliandika moja kwa moja kama ukurasa wa tovuti: maandishi hujipanga kulingana na kioo cha simu, na halimalizi bando la mtu.

Nyaraka za zamani zilizobaki kwenye karatasi tu ziskaniwe na kupitishwa kwenye Tesseract, programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi halisi na inayoweza kutambua ya Kiswahili, kisha mtu azisome neno kwa neno akiwa na karatasi mkononi. Tarakimu zihakikiwe mara mbili, kwa sababu kosa la kilo za mbolea halionekani kama kosa la tahajia linavyoonekana.

Kutunza ndiko kunakochosha, na ndiko nilikoumia zaidi. Tulipousahihisha mwongozo ule, niliupakia kwenye WordPress, mfumo tunaoendeshea tovuti, kwa jina lilelile, nikiamini kwamba mpya umechukua nafasi ya wa zamani. WordPress haifuti faili lililopo. Jina likigongana, huongeza "-1" kwenye lile jipya. Hivyo kiungo ambacho wakulima wa Uporoto walikuwa wamekwisha kutumiana kwa simu kiliendelea kufungua mwongozo wenye makosa kwa miezi. Siku hizi kiungo ninachokitoa kwa watu ni cha ukurasa, si cha faili. Tarehe ya marekebisho huiandika kwenye ukurasa huo, toleo la zamani huliondoa kwa mkono, na faili la asili la LibreOffice (ODT) hulihifadhi mahali ambapo mwenzangu atalipata hata nikiwa safarini.

Kabla ya kutangaza chochote, fungueni waraka kwa NVDA, kisoma skrini huria kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, kisha zimeni kioo msikilize. Bonyezeni herufi H, ambayo huruka hadi kichwa kinachofuata. Sauti ikitaja kichwa cha kwanza, kisha cha pili, endeleeni hadi mwisho. Ikisema hakuna kichwa, rudini kwenye faili la asili.