Binti tunamfunda, mtoto wa kiume tunamwachia kijiwe

Ikifika Desemba huku kwetu kusini mwa Tanzania, shule zimefungwa na hela za korosho zimeanza kuingia, basi Masasi, Newala, Tandahimba mpaka Nachingwea huko ni ngoma tu. Wali, yaani mabinti waliowekwa unyagoni, wanatolewa, kina mama wamevaa sare za kanga, turubai limeziba njia. Mtoto wa kike amekaa ndani, amefundwa na somo wake, yaani kungwi wake, na bibi, na mama mkubwa, na jirani ambaye hata hakualikwa, kila mtu ana la kumwambia. Mtoto wa kiume je? Siku hizi wengi wanatahiriwa hospitali wakiwa wadogo kabisa, anashinda na kanga kiunoni siku kadhaa, ananunuliwa soda na viatu vipya, imeisha hiyo. Hakuna aliyekaa naye chini.

Mie ni baba wa watoto wanne, wa kiume wawili wa kike wawili, fundi pikipiki hapa Masasi, kwetu Newala, mama watoto ni Mmwera wa Nachingwea. Kwa kuwa nna jinsia zote mbili nyumbani watu wananiuliza sana pale gereji, eti fundi, wa kike na wa kiume malezi yao ni sawa kweli? Mi ninachokiona ni kwamba wa kike wanaambiwa mengi kupita kiasi, tena mengine kabla ya wakati wake, na wa kiume hawaambiwi kitu wanaachiwa wajijue. Sasa ukija kuwaona wakiwa na miaka kumi na nane unasema ndo maumbile yao walivyoumbwa.

Maumbile yapo, sikatai. Hata kliniki ile chati ya kupimia ukuaji ya Shirika la Afya Duniani wavulana wana yao na wasichana wana yao, hizi za sasa zilitoka 2006, kwa sababu wa kiume kwa wastani wanazaliwa wakubwa kidogo. Na kwenye kubalehe ndo utaona zaidi, wasichana wanaanza kubadilika mwili kati ya miaka 8 na 13, wavulana 9 hadi 14, ndo maana nenda darasa la sita shule yoyote utakuta wasichana wamewapita wavulana kimo, halafu huko mbele wavulana wanakuja kuwapita. Wa kike kwa wastani wanawahi kidogo kuongea pia. Lakini wastani ni wastani bwana. Kwangu wa kike mkubwa ni mpole, unaweza kusahau kama yupo ndani, mdogo wake akirudi shule cha kwanza ni kupanda mwembe, na akishapanda anarusha maembe mabichi kwenye bati la jirani. Wote wa kike, baba mmoja mama mmoja. Kaka yao wa pili anafanana tabia na yule mpole kuliko anavyofanana na kaka yake. Kwa hiyo mtu akiniambia "watoto wa kike wako hivi" namuuliza, yupi?

Tuanze na unyago maana ndo penye moto. Mie siyo wale wanaosema unyago ufutwe. Mtoto anajifunza usafi wa mwili, anajifunza heshima, anapata somo ambaye atamkimbilia siku ana shida ambayo hawezi kumwambia baba, hivyo vitu pesa hainunui. Shida yangu ni muda na yanayosemwa. Zamani binti alichezwa akishavunja ungo, sasa hivi kwa sababu ya kubana gharama unakuta familia inaunganisha watoto wote wa kike kwa mpigo, mkubwa kavunja ungo na mdogo ana miaka tisa wanawekwa ndani pamoja, na yule wa miaka tisa anasikia habari za kumtunza mume. Miaka tisa! Akirudi shule Januari anajiona mtu mzima, na mbaya zaidi wanaume wa mtaani nao wanamwona hivyo hivyo kwa sababu wameshaona ngoma yake imelia.

Kwetu ilibidi tuelewane na mama mkwe. Sasa wanaojua mila zetu wanajua mkwe wa kiume kwenda kuongea habari za unyago kwa mama mkwe wake ni kujitafutia aibu, kwa hiyo sikwenda mwenyewe, nilimtuma mama watoto na shangazi yangu mmoja mtu mzima ambaye kinywa chake hakiogopi. Tukakubaliana mambo matatu. Kwanza mdogo asubiri mpaka wakati wake. Pili iwe likizo, isiguse hata siku moja ya shule. Tatu afundwe usafi, hedhi, adabu na namna ya kusema hapana, ya chumbani atakuja kuambiwa akiwa anaolewa, somo si bado yupo? Mama mkwe alinuna kidogo akasema "Baba huyu amesoma sana," na mie nimeishia form four jamani, lakini mwisho akakubali, na alisimamia mwenyewe. Ushauri wangu kwa kina baba wenzangu ni huo, usipige marufuku kwa ubabe maana watampeleka kijijini ukiwa kazini na utaambiwa ameenda kumsalimia bibi. Tafuta mwanamke mwenye heshima kwenye ukoo, muingie makubaliano kabla mchele haujanunuliwa.

Sasa kwa wa kiume. Sisi tuliopitia jando la porini mambo ya kule hayasemwi huku, ila naweza kusema hili, kulikuwa na watu wazima ambao kazi yao ilikuwa sisi tu. Ulifundishwa namna ya kumsalimia mkubwa, namna ya kukaa na mama yako baada ya hapo, kuvumilia. Hospitali ni bora kwa kidonda, ganzi ipo na vifaa ni safi, sina ubishi na mtu hapo. Tatizo tulichukua kisu tukakipeleka hospitali na mafundisho hatukuyapeleka popote. Yule kijana anakua anafundishwa na kijiwe, na simu, na wenzake wa bodaboda ambao ni wateja wangu nawajua vizuri maneno yao.

Nilichofanya ni kumrudisha mjomba kazini. Huku kwetu Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo unafuata kwa mama, mjomba ndo mwenye sauti. Siku hizi mjomba amebaki wa kudaiwa mchango wa sare za shule basi. Shemeji yangu, kaka wa mama watoto, nikamwambia kila msimu wa korosho hawa vijana nakuletea, washinde na wewe shambani, na usiwape kazi tu ongea nao. Kijana mnapookota korosho pamoja hakuangalii usoni, wewe uko chini ya mti huu yeye ule, hapo ndo anaweza kukuuliza vitu ambavyo ukimkalisha sebuleni hakuulizi ng'o. Na mie mwenyewe nafanya hivyo hivyo kwa wapwa zangu, watoto wa dada, tunafungua injini huku tunaongea. Kama baba hayupo, amekufa au ameenda Dar hajarudi, mjomba ndo wa kwanza kumtafuta, usisubiri mtoto aharibike ndo uitishe kikao.

Cha kuongea nao ni nini? Cha kwanza mwili. Wao nao wanabadilika, sauti inavunjika, anaamka asubuhi shuka limelowa anadhani anaumwa, mwambie kabla halijamkuta. Cha pili, mwili wa dada yake. Kwangu wavulana wanajua hedhi ni nini, na pedi zikiisha aliyepo karibu ndo anatumwa dukani hata kama ni wa kiume. Mara ya kwanza mkubwa alirudi amezificha ndani ya shati, muuza duka naye amezifunga kwenye gazeti halafu kwenye mfuko mweusi utadhani anasafirisha magendo. Sasa hivi anazibeba mkononi na mkate. Kijana anayejua hayo hawezi kumcheka mwenzake darasani sketi ikichafuka.

Cha tatu sheria, na hapa msione aibu. Tangu marekebisho ya sheria ya elimu ya 2016, anayempa mimba mwanafunzi adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Wazazi tunamwambia binti "ukipata mimba utakiona", mvulana hatumwambii chochote, halafu siku polisi wamekuja tunalia wote. Na kwa upande wa binti wajue kwamba tangu waraka wa serikali wa Novemba 2021 akijifungua anaruhusiwa kurudi shule, kwa hiyo ikitokea usikimbilie kumwoza kufunika aibu. Ile sheria ya ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa na miaka 15 mzazi akiridhia wakati mvulana mpaka 18, Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba hicho kipengele kinakwenda kinyume na Katiba na Mahakama ya Rufani ikakazia 2019. Mzee mmoja kijiweni aliniambia hizo ni habari za Dodoma, nikamwambia mzee, mahakama ya hapa Masasi nayo ni ya Dodoma?

Halafu kuna la kuchukiza kidogo ila lisemwe. Tunamlinda binti asiguswe, mvulana tunamwacha alale popote, kwa binamu, kwa mpangaji, kwa mwalimu wa ziada, kwa sababu "huyo dume hana neno". Ana neno. Wavulana wanaingiliwa na hawasemi maana wanaona aibu mara mbili. Waambie wote maneno yale yale, sehemu zako za siri haziguswi na mtu, akikugusa sema, hatutakugombeza. Na namba 116 ya kusaidia watoto ni bure, waishike kichwani wote.

Jikoni sasa, maana hapa ndo nimegombana na ukoo wangu wote. Kwangu zamu ya vyombo na kupika ni ya kila mtoto. Kijana wangu mkubwa siku moja anasonga ugali wa mhogo dada yangu akaingia, akasimama mlangoni, "Kaka, huyu mtoto ameshatahiriwa unamweka jikoni tena? Unataka aje kuwa mke wa nani?" Nikamwambia dada kaa kwanza ule. Nikamuuliza, wavuvi wa Msimbati wakienda dago, kambi ya uvuvi, nani anawapikia, kuna mwanamke kule? Chips mayai pale stendi ya Masasi nani anakaanga? Pweza nani anachoma? Nguo yako hiyo ya sikukuu si imeshonwa na mwanaume kibarazani? Ikiwa na malipo ni kazi ya mwanaume, ikiwa ya nyumbani bure ndo ya mwanamke, hiyo ni mila au ni ujanja wetu tu? Hakunijibu, ila ugali alikula akasema umeiva.

Na nisieleweke vibaya, sababu yangu kubwa siyo mambo ya haki sawa kama ya kwenye semina. Huyu kijana atapanga chumba Mtwara mjini au Dar, asipojua kuinjika hata maharage hela yote itaishia kwenye chipsi, na atatafuta mwanamke wa kuhamia naye haraka kwa sababu ya njaa. Nimeona mafundi wangu wawili watatu wameoa kwa staili hiyo. Kwa wa kike nilitazama upande wa pili, yule mdogo wa mwembe anajua kuziba pancha na kubadilisha oili, wateja wanacheka mwanzoni, akishamaliza wanampa hela ya soda. Maji kwetu yakikatika anabeba ndoo aliye na nafasi, maana nimekua Newala nimeona dada zangu wanapanda mlima na ndoo kichwani kutoka bondeni alfajiri halafu wanakimbia shule wamechelewa, sisi tumelala. Wale dada zangu walikuwa na akili kuliko mie, hiyo iko wazi.

Ila kazi ya salfa, ile dawa ya mikorosho, siwapi watoto wowote, wa kike wala wa kiume. Watu wanawatuma vijana kubeba lile bomba la kupulizia mikorosho eti kwa kuwa ni wanaume, kifua cha mtoto wa miaka kumi na nne ni kifua cha mtoto. Na chanjo ya HPV, ile iliyoanza nchini 2018, ni ya wasichana kwa sababu ya saratani ya mlango wa kizazi, peleka binti na achana na maneno ya kwamba inaua uzazi. Hapo tofauti ipo na inabidi iwepo.

Mali nitapita haraka. Kila mtoto wangu ana miche yake ya mikorosho, idadi sawa, mbegu bora zile za kituo cha utafiti cha Naliendele ambazo mwaka wa tatu unaanza kuona kitu. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inamtambua mwanamke kumiliki sawa na mwanaume, kwa hiyo usimwambie binti "wewe utakuta kwa mumeo". Na wazee wetu wa kusini hawakuwa na hayo maneno, bwana ndo alikuwa anahamia ukweni, binti anabaki kwenye shamba la mama yake.

Mwisho simu, maana najua mtauliza. Sheria ni moja. Saa tatu usiku zote zinachajiwa sebuleni, za wavulana na za wasichana, na mama watoto alipoona utaratibu ni mzuri akaiongeza na ya kwangu.