Kabla ya Kuwauliza Watu wa Soko la Mtaani

Wewe unayeanza kazi ya kukusanya maoni ya wakazi kuhusu kujengwa upya kwa soko la mtaani, kwanza muulize aliyekutuma ni kipi hasa ambacho bado hakijaamuliwa. Usiridhike ukiambiwa kwamba kila kitu bado kinaweza kubadilishwa, kwa maana mara nyingi mkopo umekwisha kusainiwa, ghorofa zimekwisha kuhesabiwa, na wananchi wameachiwa wachague rangi ya paa. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliupanga ushirikishwaji wa wananchi katika ngazi ya vidato 8, na kitendo cha kuomba maoni akakiweka kwenye kidato cha 4 tu kutoka chini, kwa kuwa anayeulizwa hana uhakika kwamba alichosema kitafuatwa. Nchini Uingereza, shauri la mwaka 1985 dhidi ya halmashauri ya Brent, ingawa lilihusu shule, ndilo lililozaa masharti 4 yanayotumika hadi leo: maoni yaombwe pendekezo likiwa bado changa, watu wapewe sababu za kutosha kulipima, wapewe muda, na walichosema kizingatiwe kwa dhati kabla ya uamuzi. Kwa niliyoyaona, sharti la kwanza ndilo linalovunjwa zaidi.

Mkutano wangu wa kwanza niliuitisha ukumbini saa kumi na moja jioni, wakati ambao wanaotoka kazini hufurika sokoni. Walikuja wenye nyumba na wastaafu, wakalalamikia kelele, taka na magari yanayoziba njia, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini hakuja mchuuzi hata mmoja, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba wakazi wameunga mkono mradi. Bado naionea haya sentensi ile. Siku hizi mimi huenda sokoni alfajiri mizigo inaposhushwa, kisha hurudi usiku meza zinapofungwa, na wakazi wa jirani nawafuata majumbani mwao kwa wakati wao.

Daftari la soko nalo lisikudanganye. Mwenye jina mle huenda amempangishia mtu kizimba, na mtu huyo naye amemgawia ndugu yake nusu ya meza, ilhali wapagazi na wasukuma mikokoteni hawamo kabisa. Ukilifuata daftari peke yake utawahoji wanaopokea kodi na kuwaacha wanaouza.

Kuhusu michoro, nilifundishwa na mama mmoja muuza mboga. Nilipomwonyesha mchoro wa kizimba aliutazama kwa adabu, akasema ni mzuri. Kesho yake nilikwenda na chaki, tukakichora kizimba kile sakafuni kwa vipimo vyake halisi. Akaingiza matenga yake mawili, akasimama katikati, akageuka, na kiwiko chake kikavuka mstari. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, nikiinama mimi, mizani itakaa wapi?" Karatasi isingetupa swali hilo, na msanifu alilazimika kukipanua kizimba.

Hata hivyo, linalowanyima watu usingizi zaidi ni kipindi cha ujenzi: watauza wapi, nani atahakikishiwa kurudi, na kwa kodi gani. Usipokuwa na jibu, sema huna, uandike swali na jina la ofisi inayopaswa kulijibu, kwa sababu ahadi uliyoitoa ili kutuliza mkutano itadaiwa kwako hata baada ya mkataba wako kwisha.

Maoni yakishapelekwa, rudi na karatasi yenye safu tatu: walichosema, kilichoamuliwa, na sababu yake, yakiwemo yaliyokataliwa. Isomwe kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma, kisha ibandikwe karibu na choo au bomba la maji ambako kila mtu hupita, wala si kwenye ubao ulio ndani ya ofisi ya meneja.